MacBook ya M1 na programu ya Windows: UTM, Fusion, Parallels, CrossOver au PC iliyotumika?

Mhasibu_Kijenge
Habari zenu wakuu. Nafanya hesabu za kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha. Bosi amenikabidhi MacBook Air ya M1, RAM GB 8, diski GB 256. Programu yetu ya hesabu ni ya Windows tu, ya zamani, ya biti 32, na haifunguki bila kile kiufunguo cha leseni cha kuchomeka kwenye USB.

Nimeshajaribu UTM, programu ya kuendesha Windows ndani ya Mac, kwa sababu ni ya bure. Nimetengeneza kompyuta ya bandia ya x86, nikaiwekea Windows 10. Inafanya kazi na kiufunguo inakiona, lakini jana asubuhi niliiwasha, nikatoka kwenda kunywa chai na chapati mbili, nimerudi vidoti bado vinazunguka. Ukibofya menyu unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo inashuka. Kwa mwendo huu siwezi kufunga mwezi. Naombeni mnilinganishie njia zilizopo, au nimwambie bosi anunue PC iliyotumika?

njiro_dev
Dada, pole. Kabla ya majina ya programu tutenganishe mambo mawili, maana hapo ndipo pesa za watu hupotelea. M1 ni prosesa ya ARM. Windows 10 uliyoweka imeandikwa kwa ajili ya x86, yaani Intel na AMD. UTM inatumia QEMU, kazi aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2003, na kwa jinsi ulivyoiweka, QEMU inakaa katikati kama mkalimani: kila amri ya Windows, hata ya kusogeza kishale, lazima itafsiriwe kwanza. Unatafsiri mfumo mzima kutoka inapowaka hadi inapozimika.

Sasa weka Windows 11 ya ARM. Hiyo inaongea na M1 bila mkalimani, na inaingia kwenye Parallels na Fusion, ambazo ni programu za aina ya UTM, na hata UTM hiyo hiyo. Kinachotafsiriwa ni programu yako ya hesabu peke yake, na anayetafsiri ni Windows yenyewe. Tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024 mtafsiri huyo anaitwa Prism.

Parallels ni ya kulipia, ila ndiyo rahisi kuliko zote kuweka, na Microsoft waliiidhinisha Februari 2023 kwa Windows 11 ya ARM. Fusion ni bure hata kwa biashara tangu Novemba 2024. Mimi naitumia kila siku na sijaona sababu ya kulipia nyingine. Leseni ya Windows ni gharama ya pembeni popote utakapokwenda.

FundiPasua
Mkuu umeeleza vizuri, ila kiufunguo umekiruka, na ndicho kitakachomkwamisha dada yetu. Prism inatafsiri programu. Haitafsiri draiva, yaani ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa. Draiva inayoingia kwenye kiini cha Windows lazima iwe imeandikwa kwa ARM64, basi.

Mteja wangu mmoja ana duka la vipuri hapa Moshi, upande wa Mbuyuni. Alikuja na hali hii hii. Windows 11 ya ARM inakimbia vizuri kabisa, programu inafunguka mpaka kwenye dirisha la nywila, kisha ujumbe: ufunguo haujapatikana. Nikafungua Device Manager, nikakuta pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao. Taa ya kiufunguo, ile ndogo nyekundu inayopenya kwenye plastiki, haikuwaka kabisa. Tukabadilisha tundu, tukabadilisha adapta, wapi! Aliyetuokoa ni muuzaji wa programu, aliyekubali kumbadilishia leseni iwe ya namba.

Ndiyo maana kwenye UTM yako kimeonekana, dada. Pale kila kitu ni x86, hata draiva, kwa hiyo ule uzito unaoulalamikia ndio unaokifanya kisomeke. Na Parallels walipoleta emuleta yao ya x86 (mkalimani wa mfumo mzima, kama wa UTM yako) Januari 2025, wenyewe walisema Windows itachukua dakika 2 hadi 7 kuwaka, na vifaa vya USB haikuvipokea. Usikimbilie kulipia kwa sababu hiyo.

Mzee_wa_G4
Wanangu, nimefurahi kusoma. Miaka ile Mac zilikuwa na prosesa za PowerPC, kama G4 na G5, na Windows tuliipata kwa programu ya Virtual PC. Connectix waliitoa mwaka 1997, Microsoft wakainunua 2003. Nilikuwa na PowerBook G4, na barua ya kurasa mbili niliimaliza kwa subira.

Ikaja G5, yenye nguvu zaidi. Virtual PC 6 ikagoma kuwaka. Intel huhifadhi namba kwa kuanza na baiti ndogo, PowerPC kwa kuanza na kubwa. G4 ilikuwa na uwezo wa kugeuza mpangilio huo ufanane na wa Intel, na Virtual PC ilikuwa imeuegemea. G5 haikuwa nao. Tukasubiri toleo la 7, mwaka 2004. Nilinunua mashine mpya, na hesabu nikaendelea kuzifanya kwenye ile ya zamani. Kwa hiyo mwanangu, jaribu na kiufunguo chako mkononi kabla hujatoa hela.

kahawa_tamu
Shikamoo mzee. Naongezea CrossOver, maana haijaguswa. Imejengwa juu ya Wine, mradi wa tangu 1993. Haihitaji Windows wala leseni yake: programu ikiita Windows, yenyewe inaitikia kwa niaba. Ni nyepesi, naipenda sana, lakini draiva za Windows haipokei, kwa hiyo kiufunguo chako hakitasomeka.

Halafu RAM. Windows 11 inataka angalau GB 4 na diski GB 64. Ukiipa hizo, Mac inabaki na 4 kwa ajili yake, barua pepe na kurasa za wageni wanaoulizia safari. Na RAM ya M1 haiongezwi.

FundiPasua
Kwako wewe naona PC iliyotumika. Itafute yenye Intel kizazi cha 8 au zaidi ili ipokee Windows 11, maana Windows 10 msaada wake uliisha 14 Oktoba 2025. Windows yake iwe Pro, si Home. Chomeka kiufunguo pale, kisha iingie kutoka kwenye Mac kupitia Remote Desktop, njia ya kuitumia PC hiyo ukiwa kwenye kompyuta nyingine.

Mhasibu_Kijenge
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimempigia muuzaji: draiva ya ARM64 hana, na kubadilisha leseni anataka hela inayokaribia bei ya PC. Leo nimeazima PC ya mwenzangu wa mapokezi, nikachomeka kiufunguo, kikawaka. Nimeingia kutoka kwenye Mac kwa Wi-Fi ya ofisi na menyu inashuka papo hapo. Bosi amekubali inunuliwe, na UPS juu yake. UTM nitaiacha kwa siku ambazo PC itaharibika.

njiro_dev
Safi sana. Ukitaka kuingia ukiwa nyumbani, usiifungue Remote Desktop wazi kwenye intaneti. Pita kwenye VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti. Nitumie ujumbe Jumamosi nikusaidie kuiweka.