Gemu ya maamuzi: The Walking Dead, This War of Mine au Papers, Please?

Kijana_Jinja
Jamani, nataka gemu ya hadithi ambayo nikiamua jambo, naumia kweli. Mass Effect niliimaliza kwenye kompyuta ya kaka, ila zile pointi za Paragon (wema) na Renegade (ukali) zilinichosha. Ukishachagua upande, unabonyeza jibu la upande huo mpaka mwisho. Sasa natumia simu na pesa yangu ni ya gemu moja tu.

Dada_Ntinda
Chukua The Walking Dead ya 2012, ile ya mazombi. Muda wa kujibu unayoyoma huku mtoto Clementine anakutazama. Kila sehemu ikiisha unaonyeshwa asilimia ya wachezaji walioamua kama wewe. Mimi nilimwokoa Carley, Doug akaliwa. Banange!

Mzee_wa_Gulu
Dada, pale shambani kwa Hershel, mazombi wakija, umkimbilie Shawn au mtoto Duck, Shawn anakufa tu. Uamuzi gani huo? This War of Mine (2014), ya raia waliokwama vitani, haina mchezo. Usiku unaingia nyumba ya wazee wawili wasio na silaha. Wana chakula na dawa, na kwako kuna mgonjwa. Ukiwaibia hupunguziwa pointi yoyote, ila kesho yake wenzako nyumbani wanajiinamia kwa huzuni.

Dada_Ntinda
Shawn anakufa, sawa. Lakini Kenny, baba yake Duck, hasahau kama ulimsaidia mwanawe au la.

Busia_Mpakani
Papers, Please. Wewe ni afisa wa mpaka wa Arstotzka, nchi ya kubuni, mwaka 1982. Unalipwa kwa kila mtu unayemhudumia, na jioni unagawa hela: kodi ya nyumba, chakula, dawa, na joto la nyumba (sisi wa Busia hilo halituhusu). Anapita mume, karatasi zake safi. Nyuma yake mkewe, hana kibali cha kuingia. Kwa siku, makosa mawili ya kwanza ni onyo tu, la tatu unakatwa hela. Kwa hiyo kama asubuhi ulizembea ukamaliza maonyo yako, yule mama utamhurumia kwa chakula cha familia yako. Hakuna anayekuambia umetenda wema au ubaya. Unaona tu salio.

Kijana_Jinja
Karatasi zinasomeka kwenye simu kweli?

Busia_Mpakani
Zinasomeka. Toleo la simu lilitoka 2022, limepangwa upya kwa kioo kidogo. Na unacheza bila bando.

Kijana_Jinja
Basi naichukua hiyo. Mzee, ya kwako nikipata hela nyingine.

Mzee_wa_Gulu
Haya. Ukimrudisha yule mama, uje useme hapa hapa.