Majibu yanasema bakteria "wa kawaida", duka la dawa wananiuzia antibayotiki. Nifuate lipi?

MamaK_Ujiji: Habari za jioni wakuu. Nimekuwa nikiwashwa nikikojoa, nikapimwa mkojo wa kuotesha (maabara wanawakuza bakteria waonekane) na ute wa ukeni. Ute wameota Lactobacillus, wameandika ni wakazi wa kawaida. Mkojo una mchanganyiko wa bakteria, wanataka sampuli nyingine. Nikapita duka la dawa Mwanga, kijana akasoma karatasi akasema "bakteria ni bakteria tu", akanitolea siprofloksasini. Sijanunua.

Mvuvi wa Kibirizi: Meza dada. Mimi nilimeza bila kupima nikapona. Kurudia vipimo ni kula hela za watu.

Mzee wa Hadubini: Mvuvi, ulipona, ila kilichokuwa kinakuuma hatukijui. Bakteria anahukumiwa kwa mahali alipokutwa. E. coli utumboni yuko kwake. Akipanda kwenye kibofu, ndiye kinara wa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Staph aureus anakaa puani mwa watu wengi kimya kimya, akipata kidonda ni usaha na majipu. Damu na maji ya uti wa mgongo ndiko hatutaki kuona yeyote.

Hao Lactobacillus dada ni walinzi wako. Wanatengeneza asidi, pH ya uke (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi) inabaki chini ya 4.5, wakorofi wanakosa nafasi. Wafagie kwa antibayotiki uone fangasi watakavyofumuka. Mkojo uliukinga vipi?

MamaK_Ujiji: Nyumbani alfajiri, ule wa mwanzo kabisa. Kikopo nikatia kwenye mkoba. Gari likachelewa, nimefika saa nne jua limeshawaka.

Mzee wa Hadubini: Ndiyo hapo! Mkojo unaotangulia kutoka unasomba bakteria wa ngozi, kisha joto la mkoba likawalea. E. coli akistarehe anajigawa kila dakika 20 hivi. Safari hii nawa kwa maji, mwanzo uuachie chooni, kinga wa katikati, tena palepale maabara. Ikiota aina moja, bakteria 100,000 kwa mililita au zaidi, hiyo ni UTI, na maabara watapima dawa ipi inamuua. Mwenye dalili daktari anaweza kumtibu hata kwa idadi ndogo.

Nesi Mstaafu: MamaK, samahani mwanangu, una ujauzito?

MamaK_Ujiji: Ndiyo mama, miezi minne.

Nesi Mstaafu: Eeh! Hilo ndilo la kuanza nalo. Siprofloksasini kwa mjamzito kwa kawaida tunaikwepa, zipo dawa nyingine. Na suala la mkojo usilipuuze: mjamzito akithibitika ana bakteria kwenye mkojo anatibiwa hata kama haumwi popote, maana wakifika kwenye figo mama anaugua vibaya, na uchungu unaweza kuanza kabla ya wakati. Ukipata homa, kutetemeka au maumivu ya ubavuni, usingoje majibu, nenda hospitali hata kama ni usiku.

MamaK_Ujiji: Kliniki yangu ni wiki ijayo, nibebe karatasi siku hiyo?

Nesi Mstaafu: Wiki ijayo mbali. Nenda kesho asubuhi, na kadi yako ya kliniki mkononi. Kikopo watakupa hukohuko.