Tupeane uzoefu: Ni wapi sheria ilikukuta ukiwa na sarafu za kidijitali?

Kalamu Nyeusi (mwanzisha mada)

Wadau, salaam. Jana nimepokea barua pepe ya mfilisi ikinitaka nithibitishe upya taarifa zangu ili nilipwe awamu inayofuata ya dai langu dhidi ya jukwaa moja la sarafu za kidijitali lililoanguka katika wimbi lile la mwaka 2022. Nilipomaliza kuisoma nikakumbuka jinsi tulivyokuwa tukiambiana kwa kujiamini kwamba mambo haya yako nje ya mikono ya sheria. Hayakuwa nje hata siku moja.

Kilichoniuma zaidi ni hesabu. Sarafu zangu hazikurudi kama sarafu. Ziligeuzwa kuwa dai la fedha, na dai hilo likapimwa kwa bei ya siku ambayo kampuni ilifungua shauri la ufilisi, wakati soko lilikuwa limezama. Waliokuwa na akaunti FTX, soko la sarafu lililofilisika, nao wanalijua hili, kwani shauri lao lilifunguliwa Novemba 2022, na bitcoin moja ikahesabiwa kwa takriban dola 16,871, hata kama malipo yalipoanza kutoka bei sokoni ilikuwa mara kadhaa ya hiyo.

Naomba kila mwenye kisa akieleze: ni sheria gani, kanuni gani au afisa gani aliyekukuta, na ulijinasuaje?

Mama Risiti

Na mimi nimo kwenye orodha hiyohiyo ya wadai wasio na dhamana, ndugu Kalamu, na kila barua ya mfilisi huja na fomu mpya inayouliza yaleyale niliyokwisha kuyajibu.

Wakili Mstaafu

Kabla hatujailaumu hesabu, ni vyema kila mmoja afungue vigezo na masharti aliyoyakubali siku ya kwanza, kwa sababu humo ndimo majaji huanzia. Katika shauri la ufilisi la jukwaa la Celsius nchini Marekani, Jaji Martin Glenn aliamua Januari 2023 kwamba sarafu zilizowekwa kwenye akaunti za riba zilikuwa mali ya kampuni, kwa kuwa masharti yalisema wazi kwamba mteja anahamisha umiliki. Kinyume chake, Mahakama Kuu ya New Zealand iliamua Aprili 2020, katika shauri la soko la sarafu la Cryptopia, kwamba sarafu zilishikiliwa kwa amana kwa niaba ya wateja, kwa hiyo wadai wengine wa kampuni hawakuweza kuzigusa. Wateja wa pande zote mbili walikuwa wakibonyeza vitufe vilevile na kuona salio lilelile kwenye skrini.

Chuma Chakavu

Yangu inahusu biashara ya mtu kwa mtu. Niliuza sarafu thabiti, zile ambazo bei yake hufungwa kwenye fedha kama dola, kwa mnunuzi aliyekuwa na sifa nzuri kwenye jukwaa, fedha zikaingia benki, nami nikaachilia sarafu kama kawaida. Siku chache baadaye kadi yangu ikakataliwa nikiwa kwenye foleni ya malipo. Benki haikunieleza lolote zaidi ya kwamba kuna amri ya kuzuia akaunti na kwamba nisubiri kuitwa.

Nilipoitwa, mpelelezi aliweka karatasi mbili mezani: moja ni taarifa yangu ya benki, nyingine ni malalamiko ya mtu aliyetapeliwa katika uwekezaji bandia. Fedha za mtu huyo ndizo zilizokuja moja kwa moja kwenye akaunti yangu, na mnunuzi wangu akaondoka na sarafu safi. Mpelelezi aliweka kidole juu ya jina la mtumaji na kuniuliza kama linafanana na jina la mnunuzi kwenye jukwaa. Majina mawili yalifanana, la tatu halikufanana. Kwa jina hilo la tatu nilihojiwa hadi jioni.

Kilichoniokoa ni kumbukumbu: mazungumzo yote ndani ya jukwaa, namba ya muamala kwenye blokucheni (daftari la pamoja la mtandaoni la miamala ya sarafu), na saa niliyoachilia sarafu. Akaunti ilifunguliwa, isipokuwa kiasi kilichobishaniwa, ambacho kilibaki kimezuiliwa hadi kesi ya tapeli imalizike. Tapeli mwenyewe hajapatikana.

Pwagu

Ndiyo maana mimi sihifadhi sarafu sokoni wala siuzi kwa mtu nisiyemfahamu. Funguo zangu, yaani namba za siri za kuidhinisha miamala, ninazo mwenyewe, na hakuna mfilisi, benki wala hakimu atakayenigusa. Wengi mnaolia hapa mliyataka wenyewe.

Mama Risiti

Pwagu, hizo funguo zako siku ukiondoka duniani atazirithi nani? Au umeandikiana na malaika?

Binti wa Kwanza

Sikuwa na nia ya kuandika, lakini swali la Mama Risiti limenitonesha kidonda. Kaka yangu alifikiri sawasawa na Pwagu. Sarafu zake zote zilikuwa kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhia funguo, na maneno 24 ya kurejeshea pochi, ambayo anayeyajua anaweza kuhamisha sarafu, aliyaandika kwa mkono kwenye karatasi iliyokaa ndani ya bahasha, kwenye boksi la kifaa chenyewe. Alimwonyesha mkewe mahali lilipo, na alinionyesha na mimi.

Alipofariki, mimi na wifi yangu tuliomba kuwa wasimamizi wa mirathi. Kwenye fomu ya orodha ya mali kulikuwa na safu ya jina la benki na safu ya namba ya akaunti. Karani akatuuliza benki gani, tukamwambia hakuna benki. Akaandika mstari mfupi kwenye safu ya kwanza, kisha akaanza kunakili anwani ya pochi, ile ndefu yenye herufi na tarakimu 42 inayoanza na bc1, ikamwishia nafasi, akaimalizia pembeni mwa ukurasa akielekea juu. Aliponirudishia fomu nilikuta amekosea herufi moja, tukaanza upya, kwa sababu anwani yenye herufi moja pungufu haimtambulishi mtu yeyote.

Wakati tukisubiri kuteuliwa tuliona busara tusiguse kitu. Wifi alikuwa akifungua ukurasa wa kufuatilia miamala kila asubuhi, kwa kuwa salio la anwani yoyote huonekana na kila mtu, na akaridhika kwamba mali ipo. Asubuhi moja akanipigia simu, na hakusema chochote ila "njoo". Salio lilikuwa sifuri. Muamala mmoja tu, umefanyika usiku, umethibitishwa, umeandikwa mahali ambapo hakuna mahakama inayoweza kuufuta.

Tulikwenda kwenye boksi. Bahasha ilikuwepo na kifaa kilikuwepo, ila karatasi ilikuwa imekunjwa kwa mkunjo ambao si wa kaka. Aliyekuwa ameingia chumba kile ni binamu yetu, aliyekuwa akimsaidia marehemu mambo ya kompyuta. Tulipomuuliza hakukana wala hakukiri. Alisema kaka alimwahidi fungu, na kwamba yeye "anazitunza tu". Tukarudi mahakamani. Barua ya usimamizi tuliyopewa inasema mali yote ya marehemu iko chini yetu, ina muhuri na sahihi, lakini muhuri hausaini muamala. Hakimu akatuuliza tunamshtaki nani, maana anwani mpya iliyopokea sarafu haina jina. Hapo ndipo tulipo.

Kalamu Nyeusi (mwanzisha mada)

Pole sana, dada yangu, wewe na wifi yako. Naona mada imehamia kwako, nami sina kinyongo.

Mtulivu

Kaeni kikao cha familia kwanza kabla ya mawakili. Ukishamwita ndugu yako mwizi kwenye hati ya kiapo, hata mkishinda hamtakaa tena meza moja.

Pwagu

Kiufundi huyo binamu si mwizi. Mtandao unamtambua mwenye ufunguo, basi.

Wakili Mstaafu

Kiufundi hata mwenye funguo bandia hufungua mlango, bwana Pwagu. Tangu Desemba 2019 mahakama ya Uingereza, katika shauri la AA dhidi ya watu wasiojulikana, ilikubali kwamba bitcoin ni mali inayoweza kuwekewa zuio, na zuio hilo lilitolewa dhidi ya watu ambao majina yao hayakufahamika. Kwa hiyo swali la hakimu wa dada yetu lina jibu: unaweza kumshtaki mwenye kudhibiti anwani fulani, ukiitaja anwani yenyewe, kisha jina likajazwa baadaye, ilimradi kanuni za mahakama husika zinaruhusu. Na mwaka 2022, katika shauri la D'Aloia, mahakama hiyo iliruhusu hata hati za shauri kupelekwa kwa kutumwa kama tokeni, alama ya kidijitali inayohamishwa kwenye blokucheni, ndani ya pochi ya mshtakiwa.

Chuma Chakavu

Mtumieni binamu wito kwa njia ya tokeni, na ada ya mtandao ikatwe kwenye lile fungu aliloahidiwa.

Mama Risiti

Binti wa Kwanza, iweke hiyo anwani hadharani hapa, tuifuatilie wote usiku na mchana.

Wakili Mstaafu

Usithubutu. Akijua anafuatiliwa atazipitisha kwenye kichanganyio, programu inayochanganya sarafu za watu wengi ili zisifuatilike, kabla hamjapata amri. Hifadhini namba ya muamala, chapisheni ukurasa wake ukiwa na tarehe, na andikieni masoko makubwa ya kubadilishia sarafu mkiwataarifu kwa siri.

Pwagu

Vichanganyio ni halali. Mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema hivyo Novemba 2024 kuhusu kichanganyio cha Tornado Cash, na vikwazo vya serikali dhidi yake vya tangu Agosti 2022 vikaondolewa Machi 2025.

Wakili Mstaafu

Haikusema hivyo. Ilisema kwamba mikataba ya kompyuta isiyoweza kubadilishwa na yeyote si "mali" ambayo sheria ile ya vikwazo inaruhusu kuzuiwa. Agosti 2025 baraza la wazee wa mahakama nchini humo lilimtia hatiani mmoja wa waanzilishi wa programu hiyohiyo kwa kula njama ya kuendesha biashara ya kuhamisha fedha bila leseni. Ukisoma hukumu, isome yote.

Pwagu

Nimesoma ya kutosha.

Mzee wa Daftari

Mkimaliza kugombana, na mimi nina langu, ingawa halina binamu. Mimi nilikutwa na mamlaka ya kodi. Nilikuwa nikibadilisha sarafu moja kwa nyingine bila kugusa fedha taslimu, na kwa akili yangu mali ilikuwa bado imo humohumo. Afisa alinieleza kwa upole kwamba kila badiliko ni uuzaji wa mali moja na ununuzi wa nyingine, kwa hiyo kila badiliko lina faida au hasara yake. Marekani waliliweka wazi tangu mwaka 2014 kwamba sarafu hizi hutozwa kodi kama mali wala si kama fedha za kigeni, na nchi nyingi zimefuata njia inayokaribiana na hiyo.

Kazi ikawa kupata kumbukumbu, maana soko nililolitumia lilikuwa limefungwa na historia yangu imeondoka nalo. Miamala ya pochi niliipata kwenye blokucheni yenyewe, lakini iliyofanyika ndani ya soko haiandikwi huko; hiyo ni ya vitabu vya ndani vya kampuni. Nilijenga jedwali kutokana na barua pepe za uthibitisho. Nikalifikisha kwa afisa, akaangalia mstari wa kwanza, akaniuliza: hii bei ni ya saa ngapi? Ndani ya siku ileile bei ilikuwa imeyumba vibaya. Tulikubaliana kutumia bei ya kufunga siku kwa mistari yote, na ndivyo tulivyomaliza.

Kura Moja

Mzee, angalau wewe ulipata faida ya kutozwa. Mimi nina tokeni za shirika moja lisilo na ofisi wala mkurugenzi, na niliwahi kupiga kura moja tu, ya kuchagua rangi ya nembo. Kisha nikasoma kwamba katika shauri la Ooki DAO, shirika la aina hiyohiyo, ambalo hukumu yake ilitolewa Juni 2023, mdhibiti wa Marekani aliwachukulia wenye tokeni waliopiga kura kuwa ndio wanachama wa shirika. Tangu hapo sipigi kura hata ya rangi.

Mtulivu

Uza hizo tokeni, mkuu, ulale usingizi.

Chuma Chakavu

Usiuze, Mzee wa Daftari atakuuliza ni bei ya saa ngapi.

Binti wa Kwanza

Wadau, narudi na habari. Tulifuata ushauri wa Wakili Mstaafu wa kuandikia masoko. Binamu hakuzipitisha kwenye kichanganyio chochote. Alizipeleka moja kwa moja kwenye soko lililosajiliwa, akitaka kuuza. Soko lile lilisimamisha akaunti kwa muda na kutujibu kwamba haliwezi kutaja jina wala kurudisha chochote bila amri ya mahakama. Amri tumeipata. Akaunti ina jina lake kamili, nakala ya kitambulisho chake, na picha yake ameshika kitambulisho hicho chini ya kidevu, kwa sababu hakuna anayefungua akaunti huko bila hatua hiyo. Baada ya kuiona picha alikuja kikaoni mwenyewe, na safari hii hakutaja habari ya kutunza.

Sasa mgogoro umehamia kati yangu na wifi. Yeye anataka ziuzwe mara moja zigawanywe, mimi nataka kila mrithi apewe fungu lake kwa sarafu. Thamani tuliyoiandika kwenye orodha ya mali ni ya siku ya kifo, na bei ya leo si hiyo.

Wakili Mstaafu

Ombeni amri ya mgao itaje idadi ya sarafu na si thamani yake kwa fedha, na itaje pia nani anabeba ada ya soko kwa kipindi zinapozuiliwa. Baada ya hapo kila mrithi atauza au ataacha kwa hiari yake, nanyi hamtalaumiana bei ikigeuka.

Mzee wa Daftari

Na kodi ya mauzo hayo, ikiwa wifi atauza kabla ya mgao, itakuwa ya kwake au ya mirathi?

Binti wa Kwanza

Hilo hakuna aliyelitaja kikaoni, mzee wangu. Kesho asubuhi nalipeleka kwa wakili wetu.