Tumechanga hela kusaidia zahanati ya kijijini, tununue dawa, mashine au nini?

Mweka_Hazina:
Wakuu habari zenu. Sisi ni kikundi cha watu kumi na moja tuliosoma pamoja, tumechanga kila mwezi karibu mwaka mzima na sasa kuna kiasi cha kueleweka. Wazo ni kusaidia zahanati moja iko kijijini ndani kabisa, watu wa kule hali zao ni duni, kuna nesi mmoja na msaidizi wake, daktari wanamsikia tu. Sasa kwenye grupu tumegawanyika, kuna wanaosema tununue dawa tupeleke maboksi, kuna wanaotaka mashine ya oksijeni iliyotumika maana mmoja wetu ana watu wake Marekani, na wengine wanataka kambi ya siku mbili tuende na madaktari watu wapimwe presha na sukari bure. Hela ninayo mimi kwa hiyo lawama nazo zitakuwa zangu. Mwenye uzoefu anisaidie ila msinitukane.

nesi_wa_zamu:
Nani akutukane ndugu yangu, kuuliza kabla ya kununua tayari umewazidi wengi. Nimefanya kazi zahanati za vijijini miaka mingi na nakuambia maboksi ya dawa yaache kwanza. Tuliwahi kuletewa maboksi sita na wasamaria, picha zikapigwa, makofi yakapigwa, jioni nimekaa chini na tochi nafungua moja moja, nusu maandishi yake hata sijui ni lugha gani, kuna vidonge vya kolesteroli wakati hatuna hata kipimo chake, kuna tyubu za dawa ya kupaka zimeshatumika zimekunjwa mkiani kama dawa ya meno, na zile za maana zimebakiza miezi miwili kuisha muda. Halafu kuziteketeza nako ni kazi na gharama, huwezi kumwaga tu shimoni.

Na si sisi peke yetu. Wakati wa vita ya Bosnia na muda mfupi baada yake, 1992 mpaka 1996, dawa za msaada zisizofaa zilikadiriwa kufika tani 17,000, TANI jamani. Mwaka huohuo wa 1996 Shirika la Afya Duniani na wenzake wakatoa mwongozo kwamba dawa ya msaada iwe imeombwa na wanaopokea, iwe kwenye orodha inayotumika nchi husika, wahudumu wa pale waweze kuisoma, na ikifika iwe imebakiza angalau mwaka mmoja. Mambo ya kawaida tu ukiyafikiria, lakini watu hawayafuati.

Kinachotutesa huku ni vitu vidogo. Glavu zimeisha, sabuni imeisha, ORS (ile chumvi ya pakiti ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha) imeisha. Mtoto anayeharisha anahitaji ORS na vidonge vya zinki siku 10 hadi 14, wengi wao hawahitaji zaidi ya hapo, wala havitaki friji wala daktari bingwa, ila stoo ikiwa tupu mama anakufikia na mtoto amelegea mgongoni, macho yameingia ndani, ukiifinya ngozi ya tumbo hairudi haraka inabaki imesimama, na wewe huna hata pakiti moja ya kumpa. Hapo nesi unatamani ardhi ipasuke.

FundiSpana:
Mimi natengeneza vifaa tiba, niongelee hiyo mashine. Ile inavuta hewa ya kawaida, inaipitisha kwenye chembechembe zinazokamata naitrojeni, oksijeni ndo inabaki. Sasa mambo matatu. Moja, Marekani umeme wao ni volti 120, sehemu nyingine nyingi ni 220 hadi 240, ukichomeka bila transfoma ya saizi yake unasikia "pah" na harufu, msaada umeishia hapo. Pili vumbi, filta ya nje inatakiwa kuoshwa walau kila wiki na kijijini vumbi halina likizo. Tatu spea, nani anazo na zinafika lini. Kuna utafiti wa 2011 ulioangalia nchi maskini ukakuta karibu asilimia 40 ya vifaa vya hospitali havifanyi kazi, na mimi sikushangaa hata kidogo. Niliingia zahanati moja nikakuta mashine ya oksijeni bado ina nailoni yake, wamewekea madaftari juu. Nikauliza vipi, nikaambiwa "hiyo tuliletewa" basi, hakuna mwenye habari nyingine. Kama mnataka mashine lazima tenga hela ya fundi na spea kwa miaka kadhaa, na umeme wa uhakika uwepo kwanza, vinginevyo mnanunua meza.

mbishi_kidogo:
Nesi nakuheshimu ila sio kila dawa ya msaada ni takataka. Angalia ugonjwa wa usubi unaopofusha watu kando ya mito yenye maji ya kasi. Kampuni ya Merck ilitangaza 1987 itatoa dawa yake ya Mectizan bure mpaka pale isipohitajika tena, na inatolewa hadi leo. Ilifanikiwa kwa sababu ni vidonge vya kumeza mara moja au mbili kwa mwaka, na wanaogawa ni wanakijiji wenyewe, wanapima dozi kwa fimbo ya urefu, mtu anasimama unaangalia alama unajua vidonge vingapi.

Kambi nayo inategemea. Mtoto wa jicho unafanyiwa operesheni mara moja unaona, bibi yangu aliongozwa kwa mkono miaka minne na sasa anachambua mchele mwenyewe, kwa hiyo msiniambie kambi haina maana. Presha ndo tofauti. Unampima mtu unamwambia iko juu sana, unampa vidonge vya wiki mbili halafu mnapanda gari mnaondoka. Wiki ya tatu anameza nini? Umemwachia wasiwasi tu.

nesi_wa_zamu:
Mbishi hapo kwenye presha umesema kweli tupu, wanakuja kwangu na vikaratasi vya kambi na sina cha kuwapa. Na hao wagawaji wa kijijini umewataja vizuri, wengi wanatembea nyumba hadi nyumba bila hata nauli, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 umesema walipwe lakini sehemu nyingi bado wanaambiwa asante.

Mweka_Hazina:
Daah, nashukuru sana. Yaani hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kumuuliza nesi wa pale anataka nini, tumebishana miezi miwili kama hayupo. Hela hatutaitoa yote kwa mkupuo, nitapendekeza tulipe posho ya wahudumu wawili wa kijijini kwa mwaka na tujazie glavu, ORS na zinki kila robo mwaka kwa orodha ya nesi mwenyewe. Wa mashine atanuna, anataka kitu cha kubandika jina la kikundi.

FundiSpana:
Mbandikieni kwenye ndoo ya kunawia mikono, hiyo itaonekana kila siku 😂

nesi_wa_zamu:
😂😂 Mkienda ulizeni pia funguo ya stoo anakaa nayo nani. Mimi niliwahi kukosa dawa zilizokuwa mlango wa pili, mwenye funguo alikuwa msibani siku tatu.