Kubadili mfumo wa zamani wa kiwanda cha unga: Odoo, ERPNext, SAP Business One, au tukarabati uliopo?

Msagishaji_Moro
Wakuu, habari za kazi. Tuna kiwanda cha unga hapa Morogoro: sembe, dona na unga wa lishe. Mfumo wa uzalishaji na ghala ni wa Microsoft Access. Aliyeutengeneza hapatikani tena, na unakaa kwenye kompyuta moja ya Windows 7. Faili limefika GB 1.7 na linagoma watu wawili wakihifadhi kwa pamoja. Uzalishaji umekua, na wanunuzi wakubwa wameanza kudai ufuatiliaji wa kila bechi. Mezani kuna programu tatu za kuendesha biashara nzima: Odoo, ERPNext na SAP Business One. Meneja anataka jibu kabla mahindi mapya hayajaanza kuingia. Kipi kinafaa kiwanda cha chakula?

Stoo_Kuu
Mkuu, programu umezitaja, kiwanda hujakitaja. Watumiaji wangapi? Tani ngapi kwa siku? Hesabu za fedha ziko wapi sasa? Risiti za TRA mnatoa kwa mashine ya EFD au VFD, ile ya programu isiyo na mashine? Seva itakaa kiwandani au kwenye wingu, na umeme ukikatika nini kinabaki hai? Mahindi mnayapima kwa mizani au mnahesabu magunia? Bila hayo kila mtu atakupa programu anayoipenda mwenyewe.

Linux_Ilala
ERPNext, bila kuzunguka. Leseni yake ni GPL, yaani ya programu huria, hulipi kwa kichwa cha mtumiaji. Mtunza ghala, mkaguzi wa ubora na msimamizi wa zamu kila mmoja anakuwa na akaunti yake, hamchangii nywila. Bechi ina tarehe ya kuisha muda, na ukaguzi wa ubora unawekewa kiwango cha chini na cha juu. Kwa mahindi, weka unyevu usizidi asilimia 13.5 na sumukuvu isizidi 10 ppb (sehemu kwa bilioni) kwa jumla, na ile aina ya B1 isizidi 5, kama kiwango cha Afrika Mashariki kinavyotaka. Kipimo kikivuka, mfumo unaweza kuzuia mzigo usipokelewe. Gharama inabaki kwenye seva na kwa mtu wa kuisimamisha, maana inahitaji Linux na hifadhidata ya MariaDB, na anayezijua vizuri si kila mtu.

Mhasibu_Upanga
Neno "bure" linaponza wengi. Leseni ni sehemu ndogo ya gharama. Pesa inakwenda kwenye kusafisha data, kufundisha watu na kurekebisha ripoti. Na Odoo ziko mbili. Community ni ya bure, lakini moduli ya ubora, ile ya kusoma msimbo pau ghalani na uhasibu kamili viko Enterprise, ambayo inalipiwa kwa kila mtumiaji. Kila mwaka linatoka toleo jipya, na yanayohudumiwa ni matatu ya karibuni tu. Ukikaa miaka minne bila kupanda, umerudi ulipo leo.

SAP Business One inauzwa kupitia mawakala na inakaa juu ya hifadhidata ya SQL Server au HANA. Fedha zake ni imara. Kwa usindikaji wenye mazao ya pembeni kama pumba, wengi huongeza programu ya kampuni nyingine juu yake, na hiyo nayo ina bei yake. Mbona Business Central ya Microsoft haimo kwenye orodha? Ila ujue uzalishaji uko kwenye leseni ya Premium, ya Essentials hauna.

Msagishaji_Moro
Asanteni. Watumiaji 14. Tani 40 hivi kwa siku, zamu mbili. Fedha ziko kwenye programu ya uhasibu ya Tally na mhasibu hataki kuhama. Risiti ni VFD. Bechi tunaandika kwenye daftari la zamu. Mahindi yanahesabiwa kwa magunia, gunia ni kilo 100.

Stoo_Kuu
Gunia ni kilo 100 kwenye karatasi tu. Sheria inakataza kufungasha zaidi ya hapo, lakini lumbesa bado zinafika getini, na magunia pungufu yanafika vilevile. Fanya hesabu: tani 40 ni magunia 400. Kila gunia likizidi kilo 4 kwa wastani, kilo 1,600 zinaingia kwa siku bila kuandikwa. Mwisho wa mwezi mfumo utasema sembe na pumba za kinu chako kwa pamoja ni nyingi kuliko mahindi yaliyoingia, na mwenye kuiba atakuwa na mahali pa kujificha.

Halafu kuna unyevu. Mahindi ya kilo 10,000 yaliyoingia na unyevu wa asilimia 15, ukiyakausha hadi 13, yanabaki kilo 9,770. Kilo 230 zimekwenda hewani, hakuna aliyezichukua. Kanuni ni uzito wa mwanzo mara (100 toa unyevu wa mwanzo) gawanya kwa (100 toa unyevu wa mwisho). Mfumo wowote utakaonunua lazima uwe na mahali pa kuandika unyevu wakati wa kupokea na baada ya kukausha, na upotevu huo uwe mstari wake wenyewe, usichanganywe na uchafu wala pumba.

Kwa hiyo ndani ya mfumo kipimo cha msingi kiwe kilo. Gunia libaki hesabu ya vifungashio tu. Usiweke kabisa kanuni ya "gunia 1 = kilo 100".

Alizeti_Singida
Hapo kwenye vipimo Stoo_Kuu amegusa penyewe. Naeleza kilichokipata kiwanda kimoja cha mafuta ya alizeti. Sitaji kiwanda wala kampuni iliyowawekea mfumo, maana kosa lenyewe linaweza kutokea kwenye programu yoyote.

Fomula iliandikwa hivi: kilo 1,000 za alizeti zinatoa mafuta 300 na mashudu kilo 650. Hayo 300 yalikuwa kilo, yametoka kwenye kumbukumbu za kinu. Lakini bidhaa yenyewe, mafuta, ilisajiliwa kwa lita kwa sababu inauzwa kwa lita. Aliyeingiza data akaacha uwiano wa moja kwa moja. Mafuta ya alizeti yana uzito wa kilo 0.92 hivi kwa lita, kwa hiyo kilo 300 ni lita 326. Kila tani ya alizeti, mfumo uliandika lita 300, wafungashaji wakajaza chupa za lita 326.

Wakati wa kusimika walikuwa wameruhusu stoki hasi, yaani kutoa mzigo ambao kwenye mfumo haupo, ili kazi isisimame. Wiki ya pili mafuta yakawa hasi. Mtunza ghala, kwa nia njema, akawa anaongeza lita kwa fomu ya marekebisho, bila bei. Lita zisizo na gharama zikashusha wastani wa gharama ya mafuta yote. Mashudu nayo hayakupewa mgao wowote wa gharama kwenye fomula, kwa hiyo mauzo yake yote yalionekana faida tupu. Ripoti ya mwezi ikapendeza. Bei ya jumla ikashushwa kwa kuiamini ripoti hiyo.

Kosa lilionekana siku ya kuhesabu matangi kwa kijiti cha kupimia. Kusahihisha fomula kulichukua dakika tano. Kurudi nyuma kwenye miamala ya wiki saba ndiyo ilikuwa kazi, maana gharama ya kila ankara ilikuwa imeshapita kwenye vitabu. Na mfumo ulikuwa umewashwa katikati ya msimu, magari yamepanga foleni nje, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kulinganisha karatasi na kompyuta.

Kwa Msagishaji: zima stoki hasi tangu siku ya kwanza, hata kama watu watalalamika. Pumba ipewe mgao wake wa gharama. Na usiwashe kitu kipya msimu wa kupokea mahindi.

Linux_Ilala
Naongeza mtego mwingine unaofanana na huo. Unga wa lishe na sembe iliyoongezwa virutubishi: tuseme unatia gramu 500 za virutubishi kwa tani. Ukiandika fomula kwa kilo moja ya unga, virutubishi ni kilo 0.0005. Odoo ukiiacha ilivyokuja inahesabu vipimo kwa desimali mbili, kwa hiyo hapo inasoma sifuri. ERPNext kwa kawaida ni desimali tatu, nayo haitoshi. Stoki ya virutubishi haitapungua hata siku moja, na mkaguzi wa TBS akiuliza mmetumia kiasi gani, huna jibu. Andika fomula kwa kilo 1,000: mahindi kadhaa, virutubishi 0.5, pumba inayotoka kadhaa. Ongeza desimali pia kabla hujaingiza muamala wa kwanza, si baada.

Msiagi_Eldoret
Hapa Kenya kitu kinachoamua ni eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA. Kabla ya kulinganisha uzalishaji, uliza mfumo unaunganishwaje na KRA. Kuna njia mbili: OSCU inayotaka mtandao muda wote, na VSCU kwa wenye ankara nyingi wasiokuwa mtandaoni kila saa. Kinu kinachopakia malori usiku hakiwezi kusubiri mtandao urudi ndipo lori litoke. Nadhani huko kwenu VFD ina swali hilo hilo.

Mhasibu_Upanga
Ina swali hilo, ndiyo. Ndiyo maana naunga mkono Tally ibaki na fedha na risiti kwa mwaka wa kwanza, na mfumo mpya ubebe ghala, fomula na bechi tu. Kila jioni unapeleka Tally muhtasari: thamani ya malighafi iliyotumika, bidhaa zilizokamilika, pumba. Mistari mitatu au minne ya jarida la uhasibu.

Linux_Ilala
Hapo sikubaliani, kaka. Stoki ikiwa mahali pawili, mwezi wa tatu hazitalingana, na kila upande utadai uko sahihi. Mauzo yanapunguza stoki, kwa hiyo mauzo lazima yawe kwenye mfumo wenye bechi, la sivyo hujui bechi gani imekwenda kwa nani.

Mhasibu_Upanga
Hati ya kupakia mzigo iwe kwenye mfumo mpya, na namba ya bechi iwemo. Ankara ya Tally ichukue namba ya hati hiyo. Inafanyika, mradi mtu mmoja alinganishe kila siku, si kila mwezi.

Stoo_Kuu
Msagishaji, kuhusu kukarabati: Access ina ukomo wa GB 2 kwa faili. Ukifika hapo haiandiki tena, na faili kuharibika ni jambo la karibu. Windows 7 iliachwa kuhudumiwa Januari 2020. Lakini unaweza kununua muda. Nakili faili kwanza, kwenye diski mbili tofauti. Bana faili kwa amri ya Access yenyewe, mara nyingi linapungua. Kisha hamisha majedwali kwenda SQL Server Express, toleo la 2016 hadi 2022 lina ukomo wa GB 10, na uache fomu za zamani zisome huko kwa kiunganishi cha ODBC. Kugongana kwa watumiaji kutapungua sana. Hiyo inakuvusha msimu huu salama, mfumo mpya unauwasha mahindi yakishapungua getini. Daftari la bechi halitaponywa na hilo.

Na ufanye jaribio hili kabla ya kukaribisha muuzaji yeyote. Nunua kiroba chenu dukani. Soma namba ya bechi. Angalia saa. Tafuta mahindi yake yalitoka kwa nani, virutubishi vya mfuko gani, na viroba vingine vya bechi hiyo vimekwenda wapi. Wanaokaguliwa kwa BRCGS, kiwango cha kimataifa cha usalama wa chakula, wanapewa muda wa saa nne. Muuzaji atakayekuja, mpe kazi hiyo hiyo kwa data yenu, si kwa data yake ya maonyesho.

Msiagi_Eldoret
Na hiyo namba ya bechi isomeke basi. Lebo zinazochapwa kwa joto tupu, bila utepe, zinakuwa nyeusi lori likikaa juani. Tumia printa ya utepe. Utepe wa nta unatosha lebo ya karatasi. Lebo ya plastiki inataka utepe wa resini.

Alizeti_Singida
Kwenye kiroba cha kufumwa chenye vumbi la unga gundi haishiki vizuri. Lebo ishonwe pamoja na mdomo wa kiroba. Mkiweka msimbo pau wa GS1-128, namba ya bidhaa inatanguliwa na 01, bechi 10, na tarehe ya mwisho wa matumizi 17. Skana moja inasoma vyote.

FundiMizani
Nimefika kuchelewa. Kama mtaacha kuhesabu magunia, mizani iongee na kompyuta yenyewe, asiandike mtu. Viashiria vingi vya mizani vina tundu la RS-232 na vinatuma mstari unaoanza na ST uzito ukitulia, US ukiwa bado unacheza. Programu ipokee ST tu, la sivyo utarekodi uzito gunia likiwa bado linayumba juu ya sahani. Waya wa kubadili kwenda USB ukihamishwa tundu, namba ya COM ambayo kompyuta inautambulia inabadilika na mizani "inapotea". Ifunge namba hiyo kwenye mipangilio. Na usisahau muhuri wa Wakala wa Vipimo, mizani isiyohakikiwa haitakusaidia kwenye ugomvi na mkulima.

Msagishaji_Moro
Leo tumepima magunia 30 ya mzigo mmoja. Dogo kilo 96, kubwa 113. Meneja ameiona karatasi, sasa anauliza bei ya mizani kabla ya programu. Msimu huu nadhani tutakwenda na SQL Server Express, kuhusu mengine bado tunabishana na mhasibu. FundiMizani, kiashiria chetu kina tundu la pini 9 lakini kikiunganishwa kinatoa herufi zisizosomeka. Ni waya au mipangilio?

FundiMizani
Anza na mipangilio, kasi ya kutuma data. Jaribu 9600, kisha 4800, kisha 2400, na uangalie kama kiashiria kimewekwa biti 7 au 8. Modeli gani?