Vyura wanakufa kidimbwini Kabare

Mama wa samaki, Bukavu:
Bandugu, pembeni ya kidimbwi changu naokota vyura wafu. Tumbo limekuwa jekundu, ngozi inachubuka vipande vipande. Ni dawa ya shamba? Inaniuma sana.

Jibu:
Pole mama. Inaweza kuwa kuvu ya kitridi, ile inayoshambulia ngozi ya vyura. Chura anavuta maji na chumvi kwa ngozi. Ngozi ikiharibika, moyo unasimama. Kuvu hiyo inapenda baridi, na milimani kwetu baridi ipo. Chura wa Kihansi, Tanzania, alitangazwa kutoweka porini mwaka 2009, na kuvu hiyo ilishukiwa pia.

Jibu:
Usihamishe maji wala viluwiluwi, mama, kuvu isienee, nakuomba! Osha bota kwa javel (dawa ya kung'arisha nguo) mbali na kidimbwi, zikauke kabisa. Dawa ya shamba pia inaua, basi waulize watafiti wa kituo cha utafiti cha Lwiro.