Msaada: kilo za mtu mmoja zinatoka kwenye risiti ya mwingine (RPC, thredi nyingi)

Kijana_wa_Igogo:
Mwangaluka wakuu. Nina programu ya C kwenye Linux ya kupimia dagaa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Mizani nne zimechomekwa kwenye kompyuta moja, kila mizani na thredi yake (mkondo wake wa kazi ndani ya programu), na zote zinaita seva ya ofisini kwa RPC (kuita fankisheni iliyo kwenye kompyuta nyingine) juu ya UDP (njia ya kutuma data isiyohakikisha kwamba imefika). Msimbo wa RPC umezalishwa na rpcgen, zana inayouandika yenyewe. Mchana kukipoa, hakuna tatizo. Asubuhi magunia ya visiwani yakishushwa ndipo balaa: risiti inatoka na kilo za jirani, mzigo mmoja unaingia mara mbili kwenye hifadhidata, na mara nyingine inaandika "RPC: Timed out" (muda umekwisha). Wachuuzi wameanza kusema mashine inaiba. Naombeni msaada.

Fundi_Waya:
Mtandao huo mkuu. Badilisha swichi.

Mama_Seva:
Swichi haiwezi kuchukua kilo za mtu ikampa mwingine, tusimtie hasara bure. Kijana, piga `rpcinfo -p` kuelekea seva uone kama programu yako imesajiliwa (rpcbind, anayetunza orodha ya programu zilizosajiliwa, anakaa poti 111), kisha `rpcinfo -u` na namba ya programu. Hiyo inaita prosija namba 0, isiyofanya kazi yoyote. Ikijibu, njia ni nzima.

Kijana_wa_Igogo:
Imejibu papo hapo, dada. Hata asubuhi wakati wa vurugu inajibu, ila kwa kuchelewa.

Nyuma_ya_Bismarck:
Basi una magonjwa mawili, usiyatibu kwa dawa moja.

Kilo kuchanganyika: fungua faili la klayenti (upande unaoita seva) alilotengeneza rpcgen, utakuta `static ... clnt_res`, nafasi moja ya kumbukumbu inayotumiwa na thredi zote. Jibu linawekwa hapo, na wewe unarudishiwa pointa tu, yaani anwani ya nafasi hiyo. Thredi ya mizani ya kwanza kabla haijachapisha, ya pili imeshaandika juu yake. Zalisha upya kwa `rpcgen -M` (chaguo la msimbo wa thredi nyingi), jibu liwekwe kwenye nafasi anayoitoa mwitaji. Na kila thredi ifungue CLIENT yake (kiungo chake cha kuitia seva).

Kuingia mara mbili: kwa UDP, klayenti asipojibiwa hutuma ombi tena kila baada ya muda uliowekwa, na hukata tamaa zikifika sekunde 25. Hifadhidata ikikawia kupita muda huo, ombi la pili liko foleni tayari, na seva italitekeleza kama mzigo mpya.

Kijana_wa_Igogo:
Aisee! Sasa nikitumia -M, seva nayo itahudumia wengi kwa pamoja?

Mama_Seva:
Hapana. Kwenye Linux `svc_run` (kitanzi cha seva kinachopokea maombi) inabaki kushughulikia ombi moja moja. Ila -M inabadilisha sura ya fankisheni zako za seva pia: zinarudisha bool_t (kweli au si kweli tu), na jibu unaliandika kwenye ajumenti. Usishangae kompaila ikigoma.

Fundi_Waya:
Ahamie TCP basi (njia inayofungua muunganisho kwanza), yaishe.

Nyuma_ya_Bismarck:
TCP itaondoa huko kurudia ombi kwenyewe, hapo nakuunga mkono. Lakini muunganisho ukikatika baada ya seva kuandika na kabla ya kujibu, mpimaji atabonyeza tena, na mzigo umeingia mara mbili vilevile. Kila upimaji upewe namba yake ya pekee, na hifadhidata ikatae namba iliyokwisha kuingia. Namba itoke upande wa mizani. Ikitolewa na seva, ombi lililorudiwa litapata namba mpya na utabaki palepale.